Mama Mkwe Anafunika Tangi Langu la Samaki

Mama Awino, shikamoo. Safu yako nimeisoma tangu nikiwa mwanafunzi na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitakuandikia mimi mwenyewe, tena kuhusu samaki, lakini naomba uniokoe, maana nyumbani kwangu hali ya hewa imechafuka na sijui mwenye kosa ni mimi au ni mfuniko.

Mimi ni Mtanzania, naishi Bowie, hapa Marekani, na mke wangu Leokadia, binti yetu Jacqueline wa darasa la kwanza, na mtoto mchanga wa kiume. Kila siku naendesha gari mpaka Sterling kuhudumia kompyuta za watu nisiowajua kwenye yale majengo yasiyo na madirisha, na mtu akishinda humo akirudi nyumbani anataka kuona kitu kinachopumua, ndiyo maana nikanunua tangi la samaki, na rafiki yangu Ndirangu, ambaye ndiye aliyeniingiza kwenye mambo haya, akaniambia, "Bro, usiweke lid. Lid ni ya watu waoga. Acha juu wazi, plants zitoke nje, taa u-hang kutoka kwa ceiling, utaona venye itakaa fiti."

Nikafanya hivyo, na kweli likapendeza, Mama Awino, mimea imepanda juu ya maji inaning'iniza majani, na chini yake wanapita samaki wadogo weupe wa kung'aa, matumbo yao yamechongoka kama shoka, hata padri alipokuja kumwona mtoto alisimama pale akishangaa mpaka chai yake ikapoa.

Basi mama mkwe akaja kutoka Bukoba kutusaidia na mtoto, kwa sababu Leokadia ni nesi na likizo yake ya uzazi inakaribia kwisha, na siku ya kwanza tu alilitazama tangi akauliza, "Haya maji yanalala wazi?" Leokadia akacheka, mimi nikacheka, Mama hakucheka. Asubuhi nikakuta tangi limefunikwa sinia. Nikaliondoa. Kesho yake nikakuta ungo, na huo ungo alisafiri nao kwenye sanduku kutoka Bukoba ili apepete mchele wa Marekani, ambao hauna hata punje moja ya jiwe, sasa umekaa juu ya mimea yangu, majani yamekandamizwa, taa inamulika mgongo wa ungo. Ikawa ndiyo kazi yetu, yeye anafunika, mimi nafunua, na hakuna aliyemwambia mwenzake neno, kwa sababu kwa mama mkwe mimi ni shikamoo, umeamkaje, karibu chakula, basi, ndivyo nilivyolelewa.

Nikamwomba Leokadia aseme naye, akanijibu, "Mimi simwambii mama yangu asifunike maji. Kanifundisha kufunika mtungi kabla sijajua kuvaa viatu. Fish tank ni yako, mdomo ni wako."

Nikaona nitumie busara. Jumamosi moja Mama na Leokadia wakiwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya niliuchukua ungo nikaupeleka gereji, nikausimamisha kati ya koleo la theluji na galoni ya oili. Sikuutupa, Mama Awino, niliuhifadhi tu. Bahati mbaya friza yetu ipo hukohuko gereji na Mama akaenda kutoa nyama, akauona. Aliuosha, akauanika, ulipokauka akaurudisha ndani ya sanduku lake, na wakati wa chakula akamwambia Leokadia, "Mwanangu, nibadilishie tiketi. Mtoto anaendelea vizuri, na mimi kazi yangu imekwisha." Na ubatizo ni Pasaka, na hatuna mtu mwingine wa kukaa na mtoto, na tangu siku hiyo Leokadia akiongea na mimi ni kuhusu nepi peke yake.

Kuna jambo jingine linanichanganya. Tangu ungo uondoke, asubuhi nyingine nakuta zulia mbele ya tangi limelowa, na pembeni ya tangi pamelazwa kile kijiko kikubwa chenye matundu cha kuopolea maandazi kwenye mafuta. Samaki hawajapungua hata mmoja. Nikafikiri labda Mama ana hasira anayakoroga maji yangu, nikamuuliza Jacqueline, "Bibi huwa anafanya nini pale?" Akanijibu bila kuinua macho kwenye katuni yake, "Nothing, Daddy. She just says pole to the fish. Then she washes her hands and makes uji."

Sasa, Mama Awino, nifanye nini? Nikinunua mfuniko nimeshindwa ndani ya sebule yangu mwenyewe, nikiacha wazi Mama anaondoka akiwa na kinyongo, na mimi kumwambia mama mkwe habari za samaki ana kwa ana siwezi, ulimi utakauka. Niache juu wazi au nifunike?

Mkwe wa Bowie

*

Mkwe wa Bowie, marahaba. Umeniamkia vizuri sana, nikajua mapema kwamba huko mbele kuna mtu umemkosea.

Nimecheka, siwezi kukuficha. Nimecheka kwenye "niliuhifadhi tu" mpaka mume wangu akaja kuuliza kama niko sawa. Lakini nilipofika pale kwenye zulia nikaacha kucheka, nikakusoma tena, na nikakuonea huruma, kwa sababu jibu lako liko ndani ya barua yako mwenyewe na umelipita ukienda kumlaumu mtu.

Zulia limelowa. Kijiko cha kuopolea kiko pembeni. Samaki wametimia. Na bibi anawaambia pole. Mwanangu, sisi tunamwambia nani pole? Mtu aliyeanguka! Samaki wako wanaruka nje. Mama mkwe wako akiamka kusali anawakuta wanapapatika kwenye zulia, anaenda jikoni, anachukua kijiko, anawaopoa mmoja mmoja kama maandazi na kuwarudisha majini, halafu ananawa na kukupikia uji. Hakukuambia kwa sababu ileile iliyokufunga wewe mdomo: mkwe ni mkwe. Angekuambiaje kwamba kitu ulichokitengeneza kwa mikono yako, ambacho hata padri amekisifu, kinaua samaki? Akaona bora awaokoe kimyakimya. Na amefanya hivyo baada ya wewe kuupeleka ungo wake ukakae na oili. Kwa kweli ningekuwa mimi, baadhi ya samaki hao wangekauka.

Nisije nikawa nakusomea picha ambayo haipo, nilimuuliza Gichuki, kijana wa kanisani kwetu Landover anayefuga samaki miaka mingi. Nilipofika kwenye matumbo ya shoka hakuniacha nimalize. "Mama, hizo ni samaki za kuruka! Ukiwasha taa ghafla zinashtuka, zinajump nje. Nani alimwambia aweke open top?" Nikamwambia ni Ndirangu fulani. Sasa wewe mwulize huyo Ndirangu wako yeye anafuga nini. Nina hakika ni konokono.

Kuacha juu wazi si dhambi, usinielewe vibaya. Gichuki anasema kunapendeza, mimea inapata hewa na mwanga wake, na ukiwa na samaki watulivu wanaokaa chini na usijaze maji mpaka mdomoni, unaweza kuishi hivyo kwa amani, bora ukubali kuongeza maji mara kwa mara, hasa wakati wa baridi hita ikikausha nyumba. Lakini samaki wako si hao. Tena una mtoto ambaye karibu atatambaa, na akimaliza kutambaa atapanda, na akipanda atatia mkono. Kwa hiyo utafunika. Sio kwa sababu umeshindwa. Sebule si uwanja wa mpira, na aliyekuwa anakuokolea samaki hakuwa timu ya pili.

Nunua mfuniko wa kioo wa vipande viwili, wenye bawaba, na nyuma uache uwazi mwembamba wa mimea kupitisha shingo. Uwazi huo uuzibe kwa wavu laini. Taa yako itabaki pale juu inaning'inia, majani yatabaki yanashuka, na samaki watalala ndani. Usiende dukani peke yako. Nenda na Mama. Yeye ndiye anayejua wanatokea upande gani.

Lakini mfuniko ni kazi ya Jumamosi. Leo kuna kazi kubwa zaidi, na hiyo huwezi kumtuma Leokadia, wala Jacqueline, wala kuiandika kwenye simu. Unasema ulimi utakauka. Utakunywa maji! Wewe unaita heshima kule kumwamkia mtu vizuri kila asubuhi halafu kuchukua chombo chake cha chakula, alichokibeba kutoka Bukoba, ukakisimamisha na uchafu wa gari wakati yuko kanisani. Hapana. Huo ni woga uliovaa suti. Mama yule hakukasirika kwa ajili ya samaki. Aliona mahali ulipoweka kitu chake, akafikiri umemwonyesha mahali pake yeye.

Ukiingia nyumbani leo usiende kwenye tangi kwanza. Nenda alipo, mwamkie kama kawaida yako, halafu kaa. Usisimame kama askari. Sema, "Mama, nilikosa kwa ungo. Nimejua unavyowaokoa samaki wangu, na sikuwahi kukushukuru. Naomba ukae mpaka tumbatize mtoto." Ni hayo tu, hayazidi pumzi moja. Usianze kumweleza habari za gereji na friza. Akinyamaza, nawe nyamaza, mwache apate muda wake. Akicheka, na nadhani atacheka kwa sababu mwanamke anayempa samaki pole si mtu wa moyo mgumu, basi chekeni pamoja, na Leokadia atasikia huko aliko na huenda mkaongea mambo mengine zaidi ya nepi.

Na ukimkuta ameshafunga sanduku, najua ulivyo na adabu, mkono utakwenda wenyewe kumsaidia kulibeba. Usilibebe.

Mama Awino