Boksi Lililokwenda na Begi la Harusi

Jumatatu, 4 Agosti

Nimelijaribu kufuli tena kabla ya kuwasha kompyuta. Linafunga. Nimeupiga picha mlango upya, kwa sababu ile ya jana ilionyesha kivuli changu.

Kampuni ya gemu ya ng'ambo imekubali. Wameuona mchezo wetu wa kompyuta, ule wa nage, wenye wasichana watatu, mpira wa soksi na chupa ya kujaza mchanga. Watatuazima mashine yao mpya ya gemu. Si ya kuchezea, ni ile ya kutengenezea michezo, na haiuzwi popote. Kaka Suleiman, mwenye ofisi, aliisoma barua pepe kwa sauti, halafu akaenda kunawa uso. Neema, mchoraji wetu, alicheka mpaka akakaa chini.

Masharti: chumba chenye kufuli. Asiione mtu wa nje. Isisemwe. Isitoke nje ya mlango. Na msimamizi mmoja atie sahihi. Wote wawili wakanitazama mimi. Karani ndiye mwangalifu, wakasema.

Nimetia sahihi. Nina furaha kubwa na hofu kubwa.

Jumatano, 6 Agosti

Wanataka anwani. Namba ya nyumba tunayo, lakini hapa Mji Mkongwe sijamwona mtu akiifuata. Nimeandika namba, na chini yake nimeelekeza kama tunavyoelekezana sote: Mkunazini, ghorofa ya pili, ulizia kwa Bi Zuwena. Ni jirani yetu wa mbele. Nilijiona mwerevu.

Kuna na dirisha. Uchochoro ni mwembamba. Kutoka jikoni kwake Bi Zuwena anaiona meza yetu yote. Akiona hatujala, hutuletea chakula. Leo nimetundika pazia nene. Jioni akanisimamisha mlangoni.

"Rukia mwanangu, tumekukoseeni nini hata mkatufungia dirisha?"

Nikasema ni jua. Dirisha lile halipati jua. Akajibu, "Haya," akaondoka. Sikupenda.

Jumamosi, 16 Agosti

Niandike yote kwa mpangilio, nisije nikayachanganya.

Asubuhi nilikwenda sokoni Darajani kununua waya wa umeme. Kelele zile, sikuisikia simu. Mleta mizigo akafuata maelekezo yangu neno kwa neno: akaulizia kwa Bi Zuwena. Bi Zuwena akalipokea boksi, kama jirani yeyote angelipokea, akaliweka ukumbini.

Leo ndiyo siku ambayo mwanawe anapeleka begi, zawadi za harusi, kwa mchumba wake, mtaa wa Mpendae. Ukumbi ulijaa masanduku: nguo, manukato, viatu, udi, vyote vya bibi harusi. Wanawake wakaja kwa vigelegele, wakabeba kila walichokikuta. Na boksi letu.

Binti aliyeachwa kulinda nyumba ndiye aliyenieleza. Alikuwa anacheka. Mimi nikakimbilia ofisini.

Kaka Suleiman alinipeleka kwa gari, akabaki nje ya mlango pamoja na viatu. Ndani ni wanawake pekee; mwanamume hana njia. Ingekuwa ipo, ningemsukuma yeye.

Walijaa mpaka ukutani. Katikati ya mkeka, shangazi wa bibi harusi alikuwa anatoa kitu kimoja kimoja na kukiinua wote wakione. Kanga, vigelegele. Viatu, vigelegele. Boksi letu lilikuwa karibu na goti lake. Mtu alishalifunga utepe mwekundu.

"Pasi hiyo!"

"Pasi gani nzito vile? Jiko la umeme hilo. Masikini mwali, atapikishwa toka siku ya kwanza!"

Wakacheka wote. Shangazi akachukua mkasi.

Sijapata kuzungumza mbele ya watu. Nikatoa shikamoo, sauti haikutoka. Nikatoa tena. Njiani nilipanga uongo: dawa, vitabu, vyombo vya ofisi. Wote ukanikimbia.

"Bi mkubwa, hilo si la begi. Ni amana. Nimepewa mimi niitunze, na nimeahidi sitosema ni nini."

Nikangoja wacheke. Shangazi akauweka mkasi chini.

"Kama ni amana, si ya kufunguliwa," alisema, kana kwamba mimi ndiye nisiyejua. Akaufungua utepe kwa vidole, akalipangusa boksi kwa mtandio wake. Wanawake wakalipitisha mkono kwa mkono mpaka nilipo, taratibu, kama mtoto aliyelala. Hakuna aliyeuliza kilichomo. Bi Zuwena alikuwa pembeni, mtandio mdomoni, hanitazami.

"Na wewe huondoki hivyo," shangazi akasema. "Keti ule."

Nimekula biriani boksi likiwa mapajani. Kaka Suleiman nje alidhani nimezimia.

Jumapili, 17 Agosti

Mkanda wa kampuni uliofunga boksi haujakatwa. Kaka Suleiman anasema basi, yamekwisha, tusiwaambie.

Aliyetia sahihi ni mimi. Nikinyamaza, lile neno nililolisema Mpendae litakuwa uongo.

Nimewaandikia yote: lilivyotoka, lilikokwenda, lilivyorudi. Nimetia picha za mkanda. Kueleza begi ni nini kulinichukua aya nzima. Kaka Suleiman akasoma, akafumba macho, akasema tuma.

Nimetuma. Wanaweza kuichukua mashine yao. Na mchezo hautafika popote.

Jumanne, 19 Agosti

Hakuna jibu. Bila idhini yao mashine haiwaki. Boksi limo kabatini, halijafunguliwa. Neema anachora chupa ileile na kuifuta. Kaka Suleiman ananisalimu tu.

Nimelijaribu kufuli. Mara tatu, labda nne.

Alhamisi, 21 Agosti

Wamejibu! Mkanda wameukubali. Mzigo mwingine wowote nikabidhiwe mimi mkononi. Idhini imo. Halafu sentensi ya mwisho: wangependa kila ofisi iwe na msimamizi wa namna hii.

Msimamizi wa namna hii ni mimi.

Kaka Suleiman aliniomba radhi mbele ya Neema, wazi, bila kuzunguka. Kisha tukafungua boksi. Mashine sitaieleza, hata humu.

Kabla ya adhuhuri wasichana wetu walisimama kwenye runinga, kanga zao zikipepea. Neema akabonyeza. Mpira ukaruka, yule mdogo akaukwepa, akapiga kelele, "Hujanipata! Nshajaza chupa!" Ile ni sauti yangu. Niliirekodi mwaka jana nikiwa na mafua.

Mashine imetoka mbali kiasi kile, na maneno yake ya kwanza humu chumbani ni ya Unguja. Nimejivuna. Sioni haya kuliandika. Nimejivuna sana.

Jumatatu, 25 Agosti

Kazi imeendelea. Neema amerekebisha vumbi la mchanga. Pazia bado lipo.

Mchana hodi. Bi Zuwena, na sinia lililofunikwa kwa kawa. Hakuwa amekuja tangu nitundike pazia. Alisimama nje ya kizingiti, uso ameugeuzia ngazini, asije akaona kitu kwa bahati mbaya.

"Amana yako haijambo?"

"Haijambo, Bi Zuwena."

"Haya. Kuleni, kisipoe."

Wali wa nazi na samaki changu wa kukaanga. Tumemaliza wote.

Jioni nimefunga mlango, nikashuka. Nilifika chini ndipo nikakumbuka kuwa sikulijaribu kufuli. Nikaenda zangu nyumbani.