Kuvu ya Bwegera Imegeuka Rangi

Mama yangu mupenzi,

Minye niko muzima. Weye uko namna gani? Miguu ingali inavimba? Na hapo Kilibula mulikokimbilia, mumepata nafasi ya kulala wote, ao mungali munabanana na wakimbizi wa Nyakabere? Padri aliyeniletea barua yako kupitia Bujumbura alisema siku aliyotoka Uvira ziwa lilikuwa limetulia, na wamama walikuwa wanaanika samaki wadogo, ndagala, kama vile hakuna vita. Nilimusikiliza kama muntu anayeota.

Nisamehe kunyamaza miezi mitano. Uliponiandikia kwamba kaka Deo alirudi Bwegera kuangalia shamba na hakutoka huko akiwa hai, nilikunja barua, nikaitia mu mufuko wa koti, nikaenda kazini. Tangu siku ile nimekuwa naenda kazini tu. Nilikosa neno la kukuandikia. Leo nimelipata kidogo.

Unakumbuka asubuhi niliyoondoka kuja kusoma huku ng'ambo, Deo alivyoleta daftari ya zamani, ndani amepanga majani ya mupunga wetu yenye ugonjwa, yale ya madoa kama macho? Weye ulicheka: "Mizigo gani hii, badala ya kumupa unga!" Yeye hakucheka. Aliniambia, "Weye unaenda kwa wenye kujua. Uwaulize hii kitu inaingiaka mu jani namna gani."

Basi ni majani hayo niliyofanyia kazi. Ugonjwa ule ni kuvu, Mama. Niliitoa kwenye jani nikaifuga mu kisahani, ikakua nyeusi-nyeusi kama masizi ya sufuria. Kila chenye uhai kina maagizo ndani yake: ukue hivi, uzae hivi. Kuvu nayo ina agizo la kutoboa jani. Sisi tunavunja agizo moja, halafu tunaangalia ni kazi gani imeishinda. Kuna bakteria ya udongo yenye tabia ya kuingiza kipande cha maagizo yake mu mimea. Tunaipa kipande chetu, tunailaza pamoja na kuvu siku mbili, nayo inakichomeka humo popote inapotaka. Kipande hicho kinaleta kinga ya dawa fulani. Tukimwaga dawa ile, kuvu iliyokipokea inaishi, ingine zote zinakufa.

Ya kwetu ilikataa kipande, ilikuwa inakufa yote. Kila juma, visahani vitupu.

Profesa wangu, muzee mupole, aliniita. "Furaha, achana na hii ya kwenu. Chukua ile inayofugwa hapa mu maabara, kila muntu anaitumia."

"Uniachie mwezi mumoja tena," nikamujibu.

Aliniachia, akaniachia na mwingine. Inje theluji ilikuwa inaanguka bila sauti, na minye nimesimama mbele ya visahani, mashine zinanguruma polepole, mupaka naona ni maji ya muto Ruzizi yanaingia mu ziwa, na miguu yangu iko inatembea juu ya matuta ya mupunga. Muntu akiniita jina, nilikuwa nachelewa kurudi.

Asubuhi moja kuvu zikaota. Nyeusi kumi na mbili, na moja ndogo pembeni, ya rangi ya waridi, kama mbingu juu ya milima ya Burundi kabla jua halijatoka. Annelies, tunayefanya naye kazi, alichungulia. "Hiyo imeingia uchafu. Tupa."

Nilishika kifuniko kwa mikono miwili. "Hapana. Ngoja."

Nilipanda mupunga mu nyumba ya vioo. Miche ya upande huu nikaipulizia kuvu nyeusi, ya upande ule nikaipulizia ile ya waridi. Juma lilipoisha, ya huku ilikuwa imejaa macho. Ya kule ilikuwa kijani, Mama. Niligusa jani moja moja. Kijani tupu.

Kumbe ili iingie, kuvu inajenga kofia ndogo nyeusi juu ya jani, inaijaza maji mupaka inakaza, halafu inasukuma kama musumari. Ile ya waridi, kipande chetu kilivunja agizo la weusi; ikikosa weusi, maji hayakazi, nayo inabaki inje. Ndivyo inavyoingiaka.

Profesa aliangalia sana. "Wengine waliisha kuona hivi kwa kuvu za inchi zingine," akasema. "Lakini ya kwenu imekubali. Sasa utavunja na maagizo mengine."

Siwezi kukudanganya: dawa sina. Ni kujua tu. Mukipata kipande cha kulima, muchome majani ya zamani, na musipande mbegu ya shamba lenye ugonjwa.

Muchana ule nilikaa chini mu nyumba ya vioo. Kuna joto na unyevu kama kwetu. Usingizi ukanichukua, nikamuona Deo anakuja kati ya mupunga, suruali amekunja mupaka magoti, hana kidonda chochote. Nilitaka kumuambia. Alikuwa anasikiliza ndege, akapita. Nilipoamuka nililia kwa sauti, mara ya kwanza tangu barua yako. Annelies alikuja akakaa nami kwenye udongo. Alinipangusa matope kwenye vidole.

Unisalimie shemeji Yozefina, muke wa Deo, na watoto, uwaambie shangazi yao anawabeba moyoni. Unisalimie baba mudogo mu mutumbwi wake, na ule mama jirani wa mawese aliyewapokea.

Mama, juu ya Deo uliniandikia mustari mumoja tu, na minye niliogopa kuuliza. Sasa niambie. Nani alimukuta? Mulimuzika wapi? Yozefina alifika? Mulimuimbia? Usifupishe kitu. Nitaisoma yote.

Minye binti yako,
Furaha