Mwambie Babako

Alhamisi, 12 Juni 2025

Zubeiri atanilipa! Naandika nisije nikasahau, maana hasira zangu huisha upesi. Hizi haziishi.

Binti yangu Khawla kajitupa chini dukani kwa Sharmarke, ataka biskuti kabla ya chakula. Miaka sita, na mayowe kama anachinjwa. Mimi, ambaye wiki jana nilimpigia kelele hadi sauti ikanikauka, leo nikanyamaza. Nikachutama kando yake. Nikamwambia polepole, hapana, mpaka ule kwanza. Nikangoja. Na akaanza kutulia! Wallahi nilijiona mama.

Mara huyo Zubeiri, mume wangu, anatoka msikitini. Akamnunulia. Paketi mbili! Kisha akawageukia watu: huyu mamake hamuwezi. Mtaa mzima wa Majengo ukacheka. Hata Sharmarke, na huwa hacheki.

Haya. Tutaona nani hamuwezi.

Ijumaa, 13 Juni

Sisemi naye. Chumba kimoja, pazia katikati, na Khawla ndiye posta. Mwambie babako chai iko mezani. Mwambie babako shati ajipigie pasi. Zubeiri anasikia kila neno, lakini hajibu mpaka mtoto afike! Naye: mwambie mamako asante kwa chai baridi. Mtoto anakwenda, anarudi.

Anisa, jirani yangu wa ukuta, kasema dada, mtoto hatumwi hivyo. Nikamwambia achunge wake.

Shule walitaka mwanasesere wa matambara. Mwambie anayekuweza akushonee! Zubeiri kamshonea usiku kitu kama soksi yenye macho. Wenzake wamemcheka, na mwalimu kauliza ni kazi ya nani. Ya baba! Nilicheka peke yangu jikoni uani. Halafu nikamwona Khawla akikisukuma chini ya kitanda, uso umemsinyaa kweli. Roho ikaniuma kidogo. Kidogo tu.

Jumamosi, 14 Juni

Bado. Mwambie babako na leo ajioshee sahani.

Jumapili, 15 Juni

Saa tisa mchana. Zubeiri yuko nje barazani. Khawla kapenya pazia, kaninong'oneza: Baba anasema pole, alikosea mbele za watu.

Ewe Mola! Nikamkaangia viazi karai na ukwaju wake, nikampelekea kwa mkono wangu mwenyewe. Akatabasamu, akasema nami nimekusamehe, Mama Khawla.

Umenisamehe nini?

Si ulimtuma mtoto aniombe radhi?

Sikumtuma! Na yeye hakutuma pole yoyote. Tukamtazama Khawla. Katunga pole zote mbili.

Zubeiri akasema huu ni uongo, mwadhibu, wewe ndiye mamake. Nikamwambia mwadhibu wewe unayemuweza. Hakuna aliyesogea. Zubeiri hajui la kufanya! Siku tatu nimengoja kumwona hivi, hajui, na aibu imemjaa usoni. Ila mimi pia sijui. Mtoto akatutazama, huyu, kisha huyu.

Nimekimbilia ndani na daftari.

Sasa hivi — Khawla, nyuma ya pazia. Mama, Baba anasema pole. Hii ni ya kweli.

Nimetega sikio. Zubeiri simsikii. Labda kasema kwa sauti ndogo. Labda ni mtoto katunga tena. Ningeweza kutoka nikamuuliza, ni hatua nne. Badala yake mdomo umefunguka wenyewe: mwambie babako —

Miguu yake naiona chini ya pazia. Haendi. Anangoja nimalize.