Nathibitisha, Siapi

Jumatano, 4 Juni
Maksai wamekunywa saa kumi na mbili asubuhi. Watano. Mkono bado unachota maji ya wa sita.

Leo siku ya kumi na tisa tangu jirani yangu Baba Gindu amkate maksai wangu Kapteni. Panga mara nne: tatu mguu wa nyuma, moja mgongoni. Tulimchinja jioni ileile. Miaka saba nimelima naye, nilimfundisha jembe mwenyewe, hakuna mwanaume aliyenisaidia. Kosa lake kuingia kwenye dengu za Baba Gindu. Aliingia, sikatai. Nilihesabu mistari iliyokanyagwa. Minne.

Kulima ni jozi. Watano ni jozi mbili na mmoja anayekula bure.

Shauri linasikilizwa Jumanne, mahakama ya mwanzo. Shahidi ni mimi peke yangu. Wakiniamini, anafungwa. Wasiponiamini, anarudi kuwa jirani.

Jumamosi, 7 Juni
Mdogo wangu Kabula amekuja kutoka mjini. Nimemwambia sitashika Biblia kizimbani. Alitaka kunipiga.

Anajua kwa nini. Nilisali kwa bidii miaka kumi na moja, kisha nikaacha. Mvua haikupungua, haikuongezeka. Sina ugomvi na kanisa. Hicho kitu ndani yangu hakipo, basi.

Amesema, "Dada, kitabu chenyewe kina uzito gani? Shika, sema, weka chini. Sekunde kumi." Nimemjibu ni sekunde kumi za uongo, halafu naambiwa sasa anza kusema kweli. Akasema Baba Gindu ni mzee wa kanisa, atasimama na Biblia yake, na mimi nitasimama mikono mitupu kama mwizi wa kuku. "Hakimu ataona gari halina breki."

Neno hilo limeniuma. Kwa sababu huenda ni kweli.

Jumatatu, 9 Juni
Nimesoma tena maelezo niliyoandikisha polisi. "Nilimwona Baba Gindu akimkata ng'ombe wangu." Nilisema hivyo, askari akaandika hivyo. Nimesoma mara tatu. Neno moja linanisumbua. Nilimwona.

Nimekunja karatasi. Kesho.

Jumanne, 10 Juni
Niandike kwa mpangilio, maana kichwa kimejaa.

Karani aliniuliza jina, umri, kabila, kazi. Minza, arobaini na saba, Msukuma, mkulima. Dini? Nikasema sina. Akauliza Mkristo au Mwislamu. Nikasema hapana na hapana. "Basi mpagani." Akaandika. Nikamwambia mpagani alikuwa babu yangu, alimwaga pombe chini na kuita wazee waliokufa, na aliwaamini. Mimi hata hao sina. Akasema, "Mama, fomu yangu ina nafasi moja."

Nyuma kwenye mabenchi wakaguna. Nilimsikia Kabula akikohoa.

Hakimu ni binti mdogo, mtulivu. Akasema sheria inaniruhusu kuthibitisha bila kuapa. Nikafuatisha: nathibitisha kuwa nitakayosema ni kweli, kweli tupu. Maneno saba. Sikujua mikono niiweke wapi. Nikaishikanisha mbele.

Nikaeleza. Siku, saa kumi na moja jioni, mimi kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, ng'ombe upande wa dengu, hatua tisini. Ilikwenda vizuri. Hakimu alikuwa anaandika.

Kisha Baba Gindu akapewa nafasi ya kuniuliza. Amevaa koti la Jumapili. Sauti ya upole, kama anagawa ratiba ya kwaya; akaniita mayu, yaani mama, kama siku zote.

"Mayu Minza, Mungu humwogopi. Mizimu je?"

Nikasema siiogopi. Watu wakacheka.

"Sasa ukidanganya hapa, nani atakufanya nini?"

Nikasema hakuna, ndiyo maana inabidi nijiangalie mwenyewe. Hakimu akamwambia aulize habari za ng'ombe. Akatabasamu. Akauliza: siku hiyo uliniona uso?

Alidhani nitasema ndiyo, kisha atawaambia mnaona, uongo wa mtu asiye na Mungu. Kabula alidhani nitasema ndiyo. Hata mimi nilidhani. Neno moja tu.

Nilichoona ni mgongo. Shati la kijani. Mguu wa kushoto unaoburuta kidogo, kama wa Baba Gindu. Alikata, akaingia kwenye mtama wake, akapotea. Hakugeuka.

Nikasema, "Hapana. Niliona mgongo."

Hakimu aliacha kuandika, akaniangalia, akaandika tena. Kabula alishika kichwa. Baba Gindu mwenyewe alisahau swali lililofuata.

Yeye akashika Biblia, akaapa, akasema saa hiyo alikuwa mazoezi ya kwaya. Mkono aliuacha juu ya kitabu mpaka alipomaliza. Nilikuwa nautazama.

Hukumu tarehe 24.

Nadhani ningeshika kitabu ningesema ndiyo. Uongo wa kwanza ungekuwa umeshapita, wa pili ungefuata mlango uleule.

Jumatano, 11 Juni
Nina hasira na mimi mwenyewe. Si na mwingine.

Mzee mmoja amekuja kutoka Migato, safari yote hiyo, kuniomba dawa ya kulinda zizi. Amesikia mahakamani nimeandikwa mpagani. Nimemwambia dawa ninayoijua ni kufuli. Akacheka, akaendelea kungoja, akidhani namzungusha. Nimempa uji, akaondoka hajaridhika.

Kabula hapigi simu.

Jumanne, 24 Juni
Ameachiwa.

Hakimu amesoma kurasa tatu. Mlalamikaji ni shahidi mkweli, amekiri hata lisilo na faida kwake. Lakini hakumtambua mshtakiwa pasipo shaka. Kwa hiyo. Nimeshinda sifa, nimeshindwa kesi.

Nje watu wa kwaya walimpa mikono. Alipopita mbele yangu alisema, "Mwadila, mayu," salamu ya kila siku, kama hakuna kilichotokea. Nikaitikia. Mdomo ulijibu wenyewe. Njia nzima nimejichukia kwa salamu ile kuliko kwa kesi.

Jumapili, 29 Juni
Kabula amekuja baada ya misa, na sukari. Tumekunywa chai mpaka ikaisha. Ndipo akasema, taratibu, "Ungesema ndiyo tu, dada." Nikasema najua.

Saa kumi na moja nimemwomba aende upande wa dengu, asimame pale Kapteni alipokatwa. Hakuuliza kwa nini. Nimehesabu hatua zake nikiwa kwenye birika: tisini na mbili. Mahakamani nilisema tisini. Zake ni fupi.

Alisimama amenipa mgongo. Nikapaza sauti ageuke. Akageuka, akiwa na jua usoni, akaweka mkono kwenye paji la uso. Nimekaza macho mpaka yakatoa maji. Sikuona jicho, sikuona pua, sikuona mdomo. Doa la kahawia juu ya gauni.

Akauliza kwa sauti, "Unaniona?"

Alikuwa amesimama kama anavyosimama tangu tukiwa wadogo, uzito wote mguu mmoja, kiwiko kimetoka nje. Ningemtambua katikati ya watu elfu, kama nilivyoutambua mguu ule.

Nikamwambia arudi, jua linashuka.