Tangazo Ambalo Simu Yako Haikulisoma

Dada yangu Mejumaa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, na sikulaumu. Tangu uhamie Vanga kwa shangazi nimekupigia simu mara nyingi, na kila mara unanijibu kama mtu anayemjibu karani wa benki: salama, alhamdulillahi, wasalimie. Kisha unakata. Mambo niliyo nayo hayasemeki kwa haraka hiyo, kwa hiyo nimeamua kuyaandika, tena mbele za watu, kwa sababu kosa lenyewe nililifanya mbele za watu.

Unakumbuka ulivyoanza kupoteza macho? Ulikuwa kidato cha pili, mimi darasa la tatu. Daktari alisema ni presha ya macho, na alisema tumechelewa. Mama alilia njia nzima kutoka hospitali. Wewe hukulia, uliniuliza tu ubao wa duka la pale stendi umeandikwaje, nikakusomea, na tangu siku hiyo nikawa msomaji wako. Nilikusomea karatasi za dawa, matokeo ya wenzako, hata barua ya yule kijana wa Ramisi aliyetaka kukuposa. Ile barua niliitia chumvi kidogo ili ucheke. Ulicheka, halafu ukanishika sikio. "Hamisi, macho yako nimeyaazima tu," ulisema. "Ukiona maneno, nipe kama yalivyo." Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na sikio liliniuma mpaka magharibi.

Kazi yako ilikuwa makuti. Uani kwetu Msambweni ulikaa juu ya kile kigoda kifupi, ufito mapajani, ukikunja na kushona bila kukosea, na wenye macho walikuja kujifunza kwako. Lori lilikuja kubeba yako kwanza. "Mimi nimewaezekea wageni nusu ya hoteli za Diani," ulipenda kusema, "na sijawahi kukaa chini ya paa hata moja." Watu walicheka. Mimi nilidhani unatania.

Nilipopata kazi kwenye saiba, lile duka la kompyuta na intaneti pale Ukunda, mshahara wangu wa kwanza nilikununulia simu ile, nikakuwashia sauti inayosoma. Wiki ya kwanza ulitaka kuitupa kisimani. Kidole kikigusa hapa inasema hiki, kikigusa pale inasema kile, na wewe unajibizana nayo kama unajibizana na jirani. Kisha ukaielewa, na ukaipa jina, ukaiita Somo. "Somo ameniambia," ulisema, na sisi tulijua habari imekwisha kuthibitishwa. Ukawa unasoma ujumbe wako mwenyewe. Ukamsomea mama siku zake za kliniki, ukawasomea wanawake wa jirani jumbe za waume zao, na nyingine ukakataa kuzisoma kwa sauti. Nadhani ile ndiyo miaka uliyokuwa na raha kuliko yote niliyokuona nayo. Hukuniomba nikusomee kitu tena, nami, kusema kweli, nilishukuru kupumzika.

Halafu lile shirika la watu wenye ulemavu, lenye ofisi karibu na Kona ya Musa, likanipa kazi ya kulitengenezea tovuti. Ulifurahi kuliko mimi. Msambweni nzima ilijua. Mpaka muuza samaki aliniuliza, "Tovuti ya dadako imekwisha?" Na ulikuwa na sababu yako ya kufurahi, uliyonieleza mimi peke yangu. Shirika lilikuwa likitafuta watu wasioona wa kupelekwa kwenye mafunzo ya mapokezi na simu, na hoteli mbili zilikuwa zimekubali kuwachukua wakimaliza. Sharti lilikuwa mtu asizidi miaka thelathini na mitano. Wewe ulikuwa umetimiza thelathini na mitano mwaka uleule. "Sauti ninayo," uliniambia. "Simu najua. Kilichobaki ni tangazo litoke." Nikakuambia litatoka kwenye tovuti, usiwe na wasiwasi, utalisoma mwenyewe.

Mwenyekiti wa shirika ni mwalimu mkuu mstaafu, na wewe unaijua sauti yake. Kwake karatasi isiyo na muhuri ni uvumi. Si yeye peke yake, watu wetu wote wako hivyo. Mletee mtu habari iliyoandikwa vizuri namna gani, atauliza muhuri uko wapi. Kwa hiyo tangazo lilichapwa, likatiwa sahihi, likapigwa muhuri wa buluu, likapigwa picha kwa mashine, na ile picha ndiyo niliyoiweka kwenye tovuti. Niliiweka kubwa, katikati, muhuri ukionekana vizuri. Mwenyekiti alipoiona alinipa mkono. Programu iliniuliza kama nataka kuandika maelezo ya picha. Nikabonyeza ruka.

Hapo ndipo Somo alipokosa la kusema, dada. Simu haisomi picha ya maneno kama jicho linavyosoma. Inaona picha tu. Kila siku baada ya sala ya alfajiri ulifungua ukurasa, ukapitisha kidole, na simu ikakujibu: picha, skani, sifuri sifuri nne. Ukashuka chini kutafuta fomu: kitufe, kitufe, kitufe, bila jina hata kimoja. Nilikusikia kutoka chumbani mwangu. Nilisikia ile sauti ikirudia sifuri sifuri nne, nikajifunika shuka nikaendelea kulala.

Hukuniuliza, na baadaye ulinieleza kwa nini. Uliona aibu. Uliona tovuti ya ndugu yako haiwezi kuwa na kasoro, kwa hiyo kasoro lazima iwe kidole chako.

Majina ya waliochaguliwa uliyasikia kwenye redio ukiwa unashona. Nilikuwa nanywa chai. Ulinyanyua kichwa, ukamsikiliza mtangazaji mpaka mwisho, ukaweka chini kuti lililokuwa mkononi.

"Hamisi, wamechaguliwa lini?"

"Mwisho wa maombi ulikuwa wiki mbili zilizopita, dada. Hukuomba?"

"Tangazo lilitoka?"

"Lilitoka. Liko kwenye tovuti, mbele kabisa."

Kisha ukasema, taratibu, kama mtu anayesoma namba ya simu ya mtu aliyekufa: "Sifuri sifuri nne."

Hapo nilielewa kila kitu. Niliweka kikombe chini. Na huo ndio ungekuwa wakati wa kusema kweli. Badala yake nikasema haraka haraka, "Ni mwenyekiti, dada. Yeye hataki ila picha, kwa ajili ya muhuri wake. Mimi ningefanyaje?" Nikaongeza na kumtukana kidogo, ili neno likolee. Wewe ukasema, "Mwalimu mzima." Ukajifuta mikono. Sikukuona ukilia siku ile pia, na ningependa ungelia.

Kesho yake ulivaa buibui lako, ukashika fimbo, ukaenda Ukunda peke yako kumtafuta mwenyekiti. Uliporudi sikukuuliza aliyokujibu, niliogopa. Wiki tatu baadaye ukasema shangazi ni mgonjwa na anahitaji mtu, ukafunga nguo zako. Shangazi alipona mwezi uleule. Wewe hukurudi.

Sasa nikueleze ya huku. Tovuti nimeibomoa, nikaijenga upya. Sikujua pa kuanzia, kwa hiyo nilifunika kioo cha kompyuta kwa kanga ya mama, nikawasha sauti, nikajaribu kuifikia fomu ya maombi. Nilishindwa mara ya kwanza, nikashindwa ya pili, na ya tatu nilijikuta nimetuma fomu tupu bila kujua. Nilikaa pale nikiwa nimeinamisha kichwa. Kitu nilichokijenga mwenyewe kilinishinda kuingia.

Akaja Mzee Tsuma wa Ramisi, aliyekuwa akikata miwa mpaka macho yakamwishia. Shirika lilimwomba awe anaijaribu tovuti kabla watu hawajaifungua. Hana huruma yule mzee. "Kijana, mlango nimeuona, kitasa hakishikiki," ananiambia. Au: "Hii sehemu ya rangi nyekundu unayosema ndiyo ya lazima kujazwa, mimi nyekundu nitaijuaje?" Kila kitufe sasa kina jina lake. Kila picha ina maelezo yake. Video zina maandishi chini kwa wasiosikia. Fomu unaweza kuijaza kwa kidole kimoja, na ukikosea inakuambia umekosea wapi. Mwenyekiti alipigania muhuri wake, na mwishowe tumepatana: maneno yote ya tangazo yanaandikwa juu, na picha yenye muhuri inakaa chini, kwa wanaotaka kuuona.

Mwaka huu kijana asiyeona wa Kinango amesoma tangazo kwa simu yake, akaomba mwenyewe, akachukuliwa. Alikuja ofisini kushukuru. Alinipa mkono wa kweli, wa kukaza, akasema Mungu anilipe. Nilitoka nje nikakaa nyuma ya ofisi, kwenye matangi ya maji, mpaka alipoondoka. Wenzangu walidhani ni furaha. Nilikuwa nikihesabu umri wako.

Bi Riziki, katibu wa ofisi, ndiye aliyenifuata kule nyuma. Unamkumbuka, yule mwenye sauti ya upole. Akaniuliza mbona nimejitenga, nikamjibu kwamba namfikiria dada yangu. Akasema, "Yule dada yako alikuja hapa, siku moja. Alitaka kugombana na mwenyekiti kwa sababu ya picha. Mwenyekiti hakuwepo, nikamsikiliza mimi. Nikamwambia, mama, picha ni ya muhuri tu, maneno yenyewe niliyachapa mimi nikampa ndugu yako yote mawili pamoja, picha na maandishi. Nilidhani ameyaweka."

"Akasema nini?"

"Akaniomba radhi kwa kupaza sauti. Akaomba maji ya kunywa, akaenda zake."

Kwa hiyo ulijua, dada. Ulitoka Ukunda ukijua. Miezi yote hii nimejipa moyo kwamba umemkasirikia mwenyekiti, umeikasirikia dunia, umeuchoka ua wetu na makuti. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imekwisha tangu siku ile uliyokwenda Ukunda, ila mimi nilikuwa bado natembea.

Ndipo nikaikumbuka jioni uliyorudi. Nilikuwa nimekaa barazani nikichezea simu. Ulikuja ukakaa karibu yangu, buibui bado mwilini, miguu ina vumbi. Uliniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Kisha ukasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hamisi, huna la kuniambia?"

Nikasema, "Sina, dada."

"Hata dogo?"

"Hata dogo."

Ukasema, "Haya," ukainuka, ukanipakulia wali na mchuzi wa papa, ukanitilia na ndimu jinsi ninavyopenda. Nikala nikashiba.

Siku hizi ule wali ndio unaonikaa kooni. Ungenitukana ningelala. Ulinipa nafasi, ukanipa na chakula, na ukangoja wiki tatu nzima nifungue mdomo kabla ya kufunga nguo zako.

Maji yakimwagika hayazoleki. Sikuandikii ili urudi, na sitakudanganya kwamba kuna nafasi nyingine. Nimewauliza, umri ni uleule na hawabadilishi. Uani kumeota majani pale ulipokuwa ukikaa. Mama huulizwa habari zako na watu wa lori, hujibu kwamba umesafiri. Barua hii nimeomba niiweke kwenye tovuti ileile, maandishi matupu, hakuna picha. Mzee Tsuma ameisikiliza simu yake ikiisoma mwanzo hadi mwisho, akasema inasomeka. Kama bado unafungua ukurasa ule, itakufikia bila kupitia kinywa cha mtu.

Jibu langu la jioni ile ni hili. Nilikuwa nalo la kukuambia. Maandishi nilikuwa nayo, ya kunakili na kubandika, kazi ya dakika mbili. Mwenyekiti asingejali. Sikuyaweka kwa sababu picha peke yake ilipendeza zaidi. Nilikuwa nikijenga tovuti ya watu wasioona, wewe uko chumba cha pili, ukuta mmoja kati yetu, na sikukufikiria.

Shangazi mpe mkono wangu. Nawe pumzika, dada.

Mdogo wako,
Hamisi