Mtikisiko wa Mikumi

Jumatatu, 3 Juni
Bila mimi, programu ya Zuhura ingekufa. Mpwa wangu anasomea kompyuta Morogoro, lakini barabara ya Kilosa kwenda Mikumi naijua mimi. Ameiweka kwenye simu yangu niijaribu. Ni ya kuwaokoa bodaboda: simu ikitikisika bila kusogea, ijue mtu kaanguka, itume mahali alipo. Simu inakaa mfukoni mwa suruali. Kijiweni wananiita Injinia. Basi, mmoja ananiita.

Alhamisi, 6 Juni
Vitunguu vimefika Mikumi salama. Nikasimama ng'ambo ya banda la Mwajuma. Mama lishe siku hizi. Alikuwa mke wangu. Aliondoka akisema amechoka kushibishwa maneno. Kanga ileile ya zambarau. Anacheka na madereva wa malori. Sikuvuka. Harufu ya maharage yake ilivuka yenyewe.

Ijumaa, 7 Juni
Zuhura kapiga. Shikamoo, marahaba, halafu maswali. Eti jana simu yangu imetuma ajali kutoka Mikumi. Haikusogea hata hatua, ila ilitikisika. Nikamwambia ni tembo. Dume, kapita nyuma yangu, ardhi ikacheza. Nilivyomweleza masikio yake, mwenyewe nikaanza kumwona.

Alhamisi, 13 Juni
Mikumi tena. Shati jipya. Nimefika hadi ukingo wa lami. Likapita lori, likapita lingine, nikarudi kwenye pikipiki. Bado nampenda. Ndiyo hivyo.

Jumamosi, 15 Juni
Juzi ajali nyingine ilitumwa, palepale. Zuhura sauti imemkauka. Jumatatu anaonyesha kazi kwa walimu wake, na ameamua kukiondoa kihisi cha mtikisiko, ibaki ramani tupu. Nikamkumbusha tembo. Hakucheka.

"Mjomba, kinadanganya. Siwezi kumpa mtu kitu kinachodanganya."

Ramani tupu itajuaje kama mtu kaanguka au kasimama kununua miwa? Kazi yake yote inakwenda na maji, na tembo nimemleta mimi.

Jumapili, 16 Juni
Kumepoa. Chai bila kitafunwa. Nimemwandikia Zuhura asiondoe kitu. Kihisi ni kizima, tembo hakuwepo. Simu ilikuwa mfukoni, na goti langu la kulia, likimwona Mwajuma, hutetemeka.