Pikipiki ya Pili ya Muhidini

Geita, 9 Julai 1954

Kwa dada yangu Mwanaidi, Tabora,

Shikamoo dada. Huku hatujambo, pamba imestawi, na mtoto ameota jino.

Shemeji yako Muhidini amenunua pikipiki kubwa ya safari za mbali. Ile ndogo aliyonipakia siku ya harusi yetu hakuiuza. "Hii siiachi, Chausiku," aliniambia akiifuta vumbi. "Ndiyo ya kwanza." Nikafurahi.

Lakini safari za Katoro zikazidi, na kila akirudi koti lake linanukia udi nisiouchoma mimi. Wivu ukanila, dada. Juzi niliiwasha ile ndogo, aliyonifundisha mwenyewe kuiendesha, nikamfuata. Nikaikuta ile kubwa mbele ya duka, na msichana mmoja amekaa kwenye kiti cha nyuma. Aliponiona akashuka haraka, akapiga goti.

"Shikamoo, dada. Wewe ndiye mke mkubwa?"

Ndivyo nilivyojua kuwa nina mke mwenza. Muhidini akatoka dukani akiniita. Nikageuza pikipiki, nikaondoka.

Nitakuja na hii ndogo Tabora, mtoto mgongoni. Mama usimwambie bado.

Mdogo wako,
Chausiku